Kumalizia na kutumia chumba cha chini ya nyumba Dodoma: mwongozo kamili

Viwanja vingi vya Dodoma viko kwenye miteremko. Ukijenga Ntyuka, Itega au Mlimwa, msingi wa upande wa mlimani unaweza kuishia tofali tatu juu ya ardhi, huku wa upande wa bondeni ukifika mita 2 na nusu. Kawaida ni kujaza kifusi: malori yanamwaga udongo, vijana wanaushindilia, kisha zege la sakafu linamwagwa juu. Nafasi ile ile ikiachwa tupu ni chumba kizima, chenye ubaridi mwezi wa Oktoba vyumba vya juu vikiwa vinawaka, na chenye utulivu upepo ukiwa unapiga mabati. Wapo wanaoiacha, wanaiita besimenti, halafu wanaitupia magodoro mabovu na ndoo za rangi. Ni hasara kubwa, maana hicho ndicho chumba bora cha nyumba nzima kwa kazi fulani fulani, kikimaliziwa kwa mpangilio unaofaa.

Mpangilio huo ni huu: chumba cha chini humaliziwa kuanzia nje kuja ndani, na hakimaliziwi kabla hakijapitiwa na mvua za msimu mmoja. Anayeanza na marumaru na kuishia na mfereji atazing'oa marumaru zake. Kila nitakachoeleza hapa kinafuata kanuni hiyo.

Mvua ya Dodoma isikudanganye

Dodoma hupata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa mtu aliyetoka Bukoba au Tukuyu hiyo si mvua. Lakini hapa hainyeshi polepole. Inashuka kwa kishindo kwa saa moja au mbili juu ya ardhi iliyokauka na kufunga ngozi kwa miezi saba, haipati muda wa kuzama, inateremka juu juu kutoka mlimani mpaka ikutane na kizuizi. Kizuizi hicho ni ukuta wa besimenti yako.

Ongeza na paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 7,500. Nyumba isiyo na mabomba ya kukinga maji inazimwaga zote kwenye kitako cha ukuta, mahali pale pale ambapo udongo wa kujazia ni laini na unafyonza haraka. Maji yakisimama nyuma ya ukuta yanasukuma: penye kina cha mita 2, kila mita ya mraba ya ukuta inabeba msukumo wa karibu tani mbili. Hakuna rangi ya ndani itakayoushinda msukumo huo.

Kwa hiyo kalenda ya kazi ni muhimu kuliko orodha ya vifaa. Uchimbaji, ukuta na kazi zote za nje zifanyike Mei hadi Oktoba. Udongo wa kujazia uwe umerudishwa na kushindiliwa kabla ya katikati ya Novemba. Desemba hadi Aprili chumba kibaki kuta tupu, kikiangaliwa. Kumalizia ndani kuanze Mei inayofuata. Najua mtu mwenye haraka ya kuhamia hapendi kusikia hivi, lakini mwaka mmoja wa kusubiri una nafuu kuliko sakafu mbili.

Ijue ardhi kabla ya kuamua

Udongo mwekundu wa kichanga unaopatikana sehemu nyingi za mji unapitisha maji na unashindilika. Huo ni rafiki. Udongo mweusi wa mbugani ni kitu kingine. Unavimba ukilowa, unapasuka nyufa za kuingiza mkono ukikauka, na kila mwaka unausukuma na kuuachia ukuta. Kiwanja kikiwa kwenye udongo huo, au sehemu tambarare ambako maji hutuama kama baadhi ya mitaa ya Nkuhungu, ushauri wangu ni mfupi: usichimbe. Jenga ghorofa juu badala ya chini.

Kama huna uhakika, chimba shimo la majaribio la kina cha mita 3 mwishoni mwa Machi au Aprili, ardhi ikiwa imeshiba. Lizungushie uzio, lifunike lisiingie maji ya juu, liache wiki moja. Likikauka, endelea. Maji yakijikusanya chini yake, hapo umekutana na maji ya ardhini, na besimenti yako itahitaji pampu maisha yake yote.

Kuna na jiwe. Itale (granaiti) la Dodoma limejificha chini ya udongo mwembamba, na kulipasua kunakula fedha na muda. Ukigonga mwamba kwenye kina cha mita moja, mara nyingi ni busara kuliacha eneo hilo liwe ukuta wa asili au ghala dogo, kisha chumba ukielekeze upande wenye udongo.

Kibali na mhandisi

Kibali cha ujenzi kinatolewa na Halmashauri ya Jiji, na chumba cha chini lazima kionekane kwenye michoro. Kugeuza msingi uliojazwa kuwa chumba nako ni kubadili ujenzi. Usifanye kimya kimya.

Ukuta wa msingi uliojengwa kwa tofali za kulaza ili kubeba kuta tu hauwi ukuta wa kuzuia udongo kwa sababu umeamua hivyo. Ukuta wa upande wa mlimani unahitaji zege la nondo, au tofali zilizojazwa zege na nondo za kusimama, kwa vipimo vya mhandisi. Sakafu ya juu nayo itakuwa slabu inayoning'inia juu ya mihimili, si zege lililolala juu ya kifusi. Hapo ndipo gharama kubwa ilipo. Kumbuka pia kwamba tuko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na ardhi hapa hutikisika mara kwa mara. Mhandisi aambiwe hilo kama hatalitaja mwenyewe.

Kuchimba chini ya nyumba ambayo tayari imesimama ni kazi ya hatari. Hufanyika kwa vipande vifupi vya kama mita moja, kwa kupokezana, kila kipande kikijengwa na kukauka kabla ya kinachofuata. Fundi akikuambia ataumaliza upande mzima kwa wiki, mwondoe kwenye kazi.

Kazi ya nje, moja baada ya nyingine

Anza juu kabisa, kwenye paa. Funga mabomba ya kukinga maji pande zote, uyashushe kwenye tenki au kwenye mfereji unaopeleka maji bondeni. Dodoma mji wenye shida ya maji, lita 7,500 za bure si za kumwaga.

Kisha ardhi inayozunguka nyumba. Mita 3 za kwanza kutoka ukutani ziteremke kwenda nje kwa angalau sentimita 15. Upande wa mlimani ambako ardhi inateremka kuja kwako, chimba mfereji wa kukatisha maji mita 3 au 4 juu ya nyumba, uujenge kwa mawe na saruji, uzungushe maji pembeni ya nyumba yote. Mfereji huu wa mlimani ndio kifaa cha bei rahisi na chenye faida kubwa kuliko vyote kwenye mwongozo huu. Nimeona vyumba vilivyokuwa vikilowa kila Januari vikikauka kwa sababu yake tu, bila kuguswa ndani.

Sasa ukuta wenyewe, kwa nje, kabla ya kurudisha udongo. Piga plasta ya saruji na mchanga kwa uwiano wa 1 kwa 3, iliyochanganywa dawa ya kuzuia maji. Soma pakiti, nyingi zinataka kilo 1 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Plasta ikishakauka paka lami ya kuzuia maji mikono miwili, ya pili ikikatisha ya kwanza, kuanzia kitako cha msingi hadi sentimita 15 juu ya usawa wa ardhi. Kwenye kona ya ukuta na kitako cha msingi weka mviringo wa saruji, maana maji hupenda kona kali.

Chini, kandokando ya kitako cha msingi, laza bomba la plastiki lenye matundu, la milimita 100, matundu yakiangalia chini. Literemke sentimita 1 kwa kila mita. Lizungushie kokoto safi zisizo na vumbi, na kokoto zote zifungwe kwenye kitambaa cha kuchujia udongo, vinginevyo mchanga wetu mwekundu utaliziba kwa misimu miwili. Mwisho wa bomba utokee hewani upande wa bondeni, ufunikwe wavu wa kuzuia panya na nyoka. Hii ndiyo baraka ya kujenga kwenye mteremko: maji yanaondoka yenyewe, bila umeme. Kwenye kiwanja tambarare bomba hilo litaishia kwenye shimo la pampu.

Rudisha udongo kwa tabaka za sentimita 20, ukishindilia kila tabaka kwa mkono karibu na ukuta, si kwa mashine nzito. Sentimita 30 za juu ziwe udongo unaofunga, si kokoto. Usipande mti jirani, na usiweke tuta la maua linalomwagiliwa kila jioni kwenye ukuta huo.

Dawa ya mchwa ipigwe kwenye ardhi kabla ya zege la chini. Baada ya zege hutaipata tena nafasi hiyo.

Sakafu ya chini

Mawe yaliyoshindiliwa, mchanga mwembamba juu yake, kisha nailoni nzito ya geji 1000, vipande vikipandana sentimita 30 na kubandikwa, kingo zikipanda ukutani. Juu yake zege lisilopungua sentimita 10. Limwagiwe maji siku 7. Kwa upepo na jua la Dodoma zege lisilotunzwa linapasuka siku ya pili. Literemshe kidogo kuelekea kona moja na uweke hapo tundu la kutolea maji. Bomba likipasuka siku moja utashukuru.

Kama chumba kipo tayari na sakafu ni udongo au zege jembamba lisilo na nailoni, ni afadhali kulipasua na kuanza upya. Hilo linawezekana tu kama urefu unaruhusu: baada ya kumaliza ubaki na mita 2.4 kutoka sakafuni hadi darini. Chini ya mita 2.1 hicho kiache kiwe stoo.

Msimu wa kuangalia

Mvua zikianza, shuka kila baada ya mvua kubwa na tochi. Weka alama ya kalamu kwenye kila ufa na kila doa la unyevu, andika na tarehe. Ukiona unga mweupe kama magadi ukutani, ni chumvi ya udongo inayoletwa na maji yanayopita. Isugue kwa brashi kavu, usiioshe, maana maji huirudisha ndani.

Doa likitokea, jua kwanza linatoka wapi. Chukua kipande cha nailoni inayoonyesha, nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani au sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, kiache saa 24. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka kwenye ardhi; rudi nje ukatafute kasoro. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa, na dawa yake ni upepo. Watu wengi hutumia mamilioni kutibu la kwanza wakati wana la pili.

Unyevu mdogo wa ardhini unaweza kuzibwa kwa ndani kwa saruji maalumu ya kuzuia maji inayopakwa kwa brashi juu ya ukuta uliolowanishwa, mikono miwili. Maji yanayotiririka hayazibwi kwa ndani. Yakizuiwa hapa yatatokea pale.

Hewa, mwanga na njia ya kutokea

Madirisha yawe na jumla ya angalau sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu, nusu yake yafunguke. Kwenye mteremko hili ni rahisi, ukuta wa bondeni uko wazi. Yapange pande mbili zinazotazamana au zinazokutana ili hewa ipite. Upande uliofukiwa weka matundu ya juu yenye bomba la kupanda hadi juu ya paa. Hewa moto hupanda humo yenyewe. Yote yawe na wavu mzito wa kuzuia vumbi na mbu.

Kuna sababu nyingine ya kutoibania hewa besimenti ya Dodoma. Itale huwa na urani kidogo, madini yenye mnururisho, na urani ikioza hutoa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayopanda kutoka ardhini na kujikusanya vyumba vya chini. Kuivuta miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi bekereli 100 (kipimo cha mnururisho) kwa mita moja ya ujazo. Nailoni isiyotoboka chini ya zege, nyufa zilizozibwa, na hewa inayozunguka ndiyo kinga. Anayepanga kulala huko kila usiku anaweza kuwauliza Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kuhusu vipimo.

Wakati wa mvua, hewa ya mchana ya Januari hadi Machi ni ya joto na nzito. Ikigusa ukuta wenye ubaridi inatoa jasho. Miezi hiyo funga mchana, fungua usiku mvua ikikatika. Kuanzia Juni fungua utakavyo, hewa yetu ni kavu kiasi cha kupasua midomo.

Njia ya kutokea ndilo jambo ambalo sitaki mtu alipuuze. Chumba chochote ambacho mtu atalala kiwe na njia mbili: ngazi, na mlango au dirisha linalotokea nje moja kwa moja. Dirisha hilo liwe na uwazi wa angalau nusu mita ya mraba, upana usiopungua sentimita 50, urefu usiopungua sentimita 60, na kizingiti chake kisizidi kimo cha kifua cha mtoto mkubwa. Na nondo zake. Sisi hufunga madirisha yote kwa nondo zilizochomelewa, na kwenye moto nondo hizo ni gereza. Mwambie fundi wa vyuma atengeneze grili yenye bawaba, inayofunguka kwa ndani bila ufunguo.

Ngazi ziwe na upana wa sentimita 90, kila pandio kati ya sentimita 17 na 18, pa kukanyagia sentimita 27 hivi, zote zilingane. Weka mkono wa kushikia. Bibi naye atataka kushuka.

Umeme na maji taka

Umeme wa chini uwe na njia yake peke yake kutoka kwenye boksi kuu, ukilindwa na swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Nyaya zishuke kutoka darini, soketi zikae sentimita 50 au zaidi juu ya sakafu. Fundi awe na leseni.

Choo chini ya nyumba kinawezekana kama shimo la maji taka liko chini zaidi, yaani upande wa bondeni. Angalia mwelekeo huo kabla ya kuamua lolote. Kama shimo liko juu au usawa mmoja, siku likijaa uchafu wote utatokea besimenti. Hata likiwa chini, funga vali ya kuzuia maji yasirudi na ujenge chemba mahali pa kufikika.

Shimo la pampu, kwa wasio na mteremko: sentimita 60 kila upande, kina sentimita 80, mfuniko mzito usioinuliwa na mtoto, pampu yenye boya. Umeme hukatika hasa wakati wa mvua ya radi, kwa hiyo pampu isiyo na betri au jua ni pambo tu.

Kumalizia ndani

Sakafu: marumaru zisizoteleza, terazo, au saruji ya kusugua iliyotiwa rangi. Mimi napendelea saruji ya kusugua. Ni rahisi, ufa unauona, unauziba. Mbao na sakafu za kubandika zenye sura ya mbao ziache juu. Zulia la kugundishwa pia. Tandika mkeka au jamvi unaloweza kulianika.

Ukuta uliogusa udongo usipakwe rangi ya mafuta. Unyevu mdogo unaotaka kutoka utaivimbisha na kuimenya. Paka chokaa au rangi ya maji ya nje, rangi nyeupe au ya maziwa, kwa sababu mwanga ni mchache. Bodi za jipsamu zisigandamane na ukuta huo. Karatasi yake ni chakula cha ukungu na cha mchwa. Ukizitaka kwa sura, zisimamishe kwenye fremu ya chuma ikiachiwa nafasi ya sentimita 5 nyuma, na matundu ya hewa chini na juu. Kabati nalo lisiegemee ukuta.

Dari ya jipsamu ni sawa, ila acha vifuniko penye maungio ya mabomba. Mwanga: taa nyingi ndogo kuliko moja kali katikati.

Kitumike kwa nini

Waulize kwanza watu wa Mbulu. Wairaki walijenga tembe zilizochimbwa kwenye ubavu wa kilima, na Wagogo na Warangi walilaza udongo mzito juu ya paa, wote wakijua kwamba udongo unapooza mchana na kuhifadhi joto usiku. Kwenye kina cha mita 2 au 3 joto la ardhi hukaribia wastani wa mwaka mzima wa hewa, ambao Dodoma ni kama nyuzi 23. Besimenti yako haitakuwa friji, itakuwa tulivu, isiyopanda wala kushuka. Chagua matumizi yanayoupenda utulivu huo.

Chumba cha kazi na kujisomea kinaongoza. Mji huu umejaa watumishi wa serikali wanaorudi na mafaili na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaotafuta mahali pasipo kelele. Meza iwe chini ya dirisha la bondeni, rafu za vitabu upande wa ukuta wa ndani.

Mazoezi ya kwaya au studio ndogo ni matumizi ninayoyapenda sana, kwa sababu udongo pande tatu unazuia sauti kuliko ukuta wowote, na majirani watalala. Sehemu inayovuja ni mlango na slabu ya juu. Weka mlango wa mbao nzito wenye mpira pembeni, na dari ya pili isiyogusa ya kwanza. Trei za mayai hazizuii sauti kutoka, zinapunguza mwangwi kidogo tu, na zinashika moto haraka. Mapazia mazito na mikeka vinafanya kazi vizuri zaidi.

Ghala la nafaka linavutia, lakini hapa nakuomba uwe makini mno. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu, na kuvu huyo hutaka unyevu. Mahindi yashuke yakiwa makavu, unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kipimo cha nyumbani: weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika chache, chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Tumia mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Chumba kilichoonyesha doa lolote msimu wa mvua kisiwekwe karanga wala mahindi. Mtama na uwele vinavumilia zaidi, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Mvinyo unakaa vizuri miezi kadhaa kwenye kona yenye giza, chupa za kizibo zikilazwa. Kwa miaka, nyuzi 23 ni joto mno. Mvinyo hupenda 10 hadi 15, na utahitaji kabati la kupoozea. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anayesindika nyumbani atanufaika zaidi na nafasi ya kuchachushia isiyobadilika joto, ila uchachushaji hutoa hewa ukaa, nzito, inayotulia chini. Feni ya kutoa hewa iwekwe karibu na sakafu.

Tenki la maji: lita 5,000 ni tani 5, hivyo liwekwe juu ya zege lililo juu ya ardhi, si juu ya slabu, na bomba lake la kufurika litoke nje. Linabaki na maji ya baridi, halipati mwani, na linaacha uwanja wazi. Pampu ndogo inapandisha kwenye tenki la juu.

Vyumba vya kupangisha wanafunzi vinaleta fedha, na ndivyo vinavyojengwa vibaya kuliko vyote. Bila dirisha la kutokea, bila hewa ya pande mbili, bila choo kinachoteremka, usipangishe. Chumba cha kufulia, cherehani, au mazoezi ya viungo havihitaji maelezo mengi. Vinahitaji soketi za kutosha na feni.

Visivyoshuka kamwe

Mtungi wa gesi ya kupikia. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni na haina pa kutokea, na cheche ya swichi inatosha. Jiko la mkaa, hata la kuotea baridi ya Julai, hata kwa dakika kumi: moshi wake usioonekana unaua mtu akiwa usingizini. Jenereta pia, hata mlango ukiwa wazi. Petroli, tena na rangi za mafuta. Viweke kwenye kibanda cha nje chenye matundu.

Kila Novemba

Kabla ya mvua ya kwanza, safisha mabomba ya paa na mfereji wa mlimani, maana upepo wa miezi ya kiangazi huujaza mchanga. Mimina maji kwenye shimo la pampu mpaka uone boya linainuka na pampu inawaka. Chungulia mwisho wa bomba la bondeni. Pita na tochi ukitafuta njia za mchwa kwenye kona na nyuma ya fremu za milango. Halafu pima zile nyufa ulizoziwekea alama: uliobaki vile vile ni wa plasta, ziba na upake. Uliopanuka, au unaozidi milimita 3, au unaotembea kama ngazi kwenye maungio ya tofali, usiuzibe. Mwite mhandisi auone ukiwa wazi.